Ini na Ishara za Kinga: Moto Unaopika, Moto Unaounguza

Kwa zaidi ya karne moja wanasayansi wamekuwa wakiuliza ni nani anayeliamuru ini lijijenge upya baada ya kujeruhiwa. Jibu lilipoanza kupatikana mwishoni mwa karne ya 20, liliwashangaza wengi. Amri ya kwanza hutolewa na kinga ya mwili, kwa kutumia molekuli zilezile ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikishutumiwa kwa kuliua ini hilo. Historia ya ugunduzi huo ina ushindi wake, lakini pia ina wagonjwa waliopoteza maisha kwa sababu sehemu moja tu ya ukweli ilikuwa imefahamika.

Tai wa Prometheus

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Prometheus, aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu. Adhabu yake ilikuwa kufungwa kwa minyororo, na kila siku tai kuja kumla ini. Usiku ini liliota tena kwa kiasi kilekile kilicholiwa mchana, na tai akarejea. Mshairi Hesiod aliiandika hadithi hiyo katika karne ya 8 au ya 7 kabla ya kuzaliwa Kristo. Iwapo Wagiriki walikuwa wameshuhudia ini likikua upya kwa mnyama au kwa majeruhi wa vita, au ulikuwa ubunifu wa msimulizi tu, wasomi hawajaafikiana.

Katika Kiswahili nako ini halikusahauliwa. Neno linalochoma husemwa kuwa limekata maini, na mpenzi wa karibu huitwa nyongo mkalia ini. Lugha iliweka uhai na hisia za mtu katika kiungo hicho muda mrefu kabla ya maabara kueleza kazi zake: kusafisha damu, kutengeneza nyongo, kuhifadhi sukari na kuunda protini zinazogandisha damu pale mtu anapojikata.

Ushahidi wa kisayansi ulianza kukusanywa katika karne ya 19. Mwaka 1890 mtaalamu wa maradhi Emil Ponfick, aliyefanya kazi katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alichapisha majaribio yake juu ya sungura. Aliwakata sehemu kubwa ya ini, na wengi wao wakaishi, huku kipande kilichobaki kikiongezeka ukubwa.

Hata hivyo, jaribio lililoweka msingi wa elimu hii lilifanyika Marekani. Mwaka 1931 George Higgins na Reuben Anderson wa Mayo Clinic walieleza namna ya kuondoa takriban theluthi mbili za ini la panya. Ini la panya limegawanyika katika ndewe kadhaa, na ndewe kubwa zinaweza kufungwa uzi na kuondolewa bila kuzigusa zile zinazosalia. Ndani ya siku saba hadi kumi hivi, uzito wa ini ulikuwa umekaribia kurejea ulivyokuwa. Ndewe zilizokatwa hazikuota tena. Zile zilizobaki ndizo zilizonenepa hadi pengo likazibika. Kisha ukuaji ukasimama.

Njia hiyo ya mwaka 1931 bado inatumika katika maabara duniani kote. Na maswali mawili iliyoyazusha ndiyo yaliyoongoza utafiti uliofuata: nani anayeliambia ini lianze kukua, na nani anayeliambia basi, yatosha?

Habari iliyobebwa na damu

Katika mji wa Boston, mwanasayansi Nancy Bucher alilichukua swali la kwanza akalishughulikia kwa miongo kadhaa. Mwaka 1951 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji, ili waweze kushirikiana damu. Panya mmoja alipokatwa ini, seli za ini la mwenzake, ambaye hakuguswa, nazo zilianza kugawanyika. Mwaka 1967 Bucher na Frederick Moolten walilirudia wazo hilo kwa kupitisha damu moja kwa moja kutoka kwa panya mmoja hadi kwa mwingine, na matokeo yalikuwa bayana zaidi. Amri ya kukua ilikuwa ndani ya damu.

Msako wa kumtafuta mjumbe huyo ukaanza. Daktari wa upasuaji Thomas Starzl, aliyefungua njia ya upandikizaji wa ini mwaka 1963 mjini Denver, alionyesha kwamba homoni ya insulini inayofika katika ini kutoka kwenye kongosho ni muhimu kwa afya ya seli zake. Nchini Japani Toshikazu Nakamura na wenzake, na nchini Marekani George Michalopoulos na wenzake, walitambua katika miaka ya 1980 protini yenye nguvu ya kuzifanya seli za ini zigawanyike. Protini hiyo hujulikana kwa kifupi kama HGF.

Ilidhaniwa kwamba kitendawili kimeteguliwa. Lakini tatizo moja lilibaki. Panya mwenye ini zima alipochomwa sindano ya vichochezi hivyo vya ukuaji, ini lake liliitikia kwa unyonge. Seli za ini zilizotulia zilikuwa kama watu waliolala: ujumbe ulifika mlangoni, lakini hapakuwa na wa kuupokea. Kuna kitu kilichopaswa kuziamsha kwanza.

Wajumbe wa kinga ya mwili

Ili kukielewa kitu hicho, inabidi kufuata historia nyingine iliyokuwa ikienda sambamba na hii bila kukutana nayo. Mwaka 1876 mwanaanatomia wa Ujerumani Karl Wilhelm von Kupffer alieleza kuwapo kwa seli zenye umbo la nyota ndani ya ini. Mwishoni mwa karne hiyo Tadeusz Browicz, aliyekuwa akifanya kazi Kraków, alitambua kwamba kundi mojawapo la seli zilizo katika mishipa midogo ya ini ni seli za kinga zinazomeza uchafu. Seli hizo bado zinaitwa kwa jina la Kupffer. Zimekaa mahali pa walinzi, kwa kuwa damu yote inayotoka utumbonini hupita kwanza katika ini, ikibeba chakula pamoja na masalia ya bakteria.

Walinzi hao huwasiliana kwa kutumia protini ndogondogo. Ya kwanza kupewa jina ilikuwa interferoni, iliyogunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann mjini London walipokuwa wakichunguza namna seli zinavyojikinga na virusi vya mafua. Mwaka 1974 Stanley Cohen na wenzake walipendekeza jina la jumla kwa wajumbe wa aina hii: saitokini.

Mwaka uliofuata, 1975, Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao wa taasisi ya saratani ya Sloan-Kettering mjini New York walitangaza kupata kitu kinachooza uvimbe wa saratani kwa panya. Kilitokea katika damu ya panya waliopewa sumu ya bakteria. Walikiita TNF. Ugunduzi huo ulifufua kumbukumbu za daktari William Coley, ambaye katika miaka ya 1890 mjini humohumo aliwachoma wagonjwa wa saratani vijidudu akitaraji kwamba homa itakayofuata ingeunguza uvimbe wao.

Mjumbe mwingine alipatikana kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1986, mjini Osaka, Toshio Hirano, Tadamitsu Kishimoto na wenzao walitambua jeni la protini inayozichochea seli za kinga zitengeneze kingamwili. Maabara nyingine zilikuwa zikiichunguza protini hiyohiyo kwa majina tofauti, bila kujua. Mwaka 1987 Jack Gauldie wa Canada na wenzake walionyesha kwamba ni ileile ambayo watafiti wa ini walikuwa wakiiita kichochezi cha seli za ini, kwa sababu wakati wa homa huliamuru ini litengeneze protini za dharura. Leo inajulikana kama interlukini-6, au IL-6. Kwa mara ya kwanza historia mbili, ya ini na ya kinga, zilikuwa zimekutana katika molekuli moja.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wakati huo, hata hivyo, sifa ya saitokini mbele ya madaktari wa ini haikuwa njema. Mwaka 1979 Chris Galanos na wenzake katika mji wa Freiburg, Ujerumani, waliwapa panya aina ya sukari iitwayo galaktosamini, inayozuia seli za ini zisitengeneze protini mpya. Panya hao wakawa dhaifu kupita kiasi: chembe kidogo sana ya sumu ya bakteria, ambayo panya mzima asingeitambua, iliwaua. Mwaka 1987 ikabainika kwamba muuaji hakuwa sumu yenyewe. Alikuwa TNF, iliyotolewa na kinga ya panya mwenyewe.

Ushahidi uliongezeka. Mwaka 1992 Gisa Tiegs na wenzake mjini Konstanz walionyesha kwamba kuzichochea seli za kinga peke yake, bila virusi wala bakteria, kunatosha kuleta homa kali ya ini kwa panya. Mwaka 1993 kundi la Shigekazu Nagata nchini Japani lilibonyeza kipokezi kiitwacho Fas kilichopo juu ya seli za ini, na panya wakafa ndani ya saa chache kwa sababu seli zao za ini zilijiua kwa wingi.

Picha hiyo iliafikiana na mambo ambayo madaktari walikuwa wakiyaona wodini. Kirusi cha homa ya ini aina ya B, ambacho utambuzi wake ulimpatia Baruch Blumberg tuzo ya Nobel mwaka 1976, kwa kawaida hakiziui seli za ini moja kwa moja. Mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi bila maumivu. Madhara mengi hutokea pale seli za kinga zinapozishambulia seli zilizoambukizwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mgonjwa wa ini msemo huo ulionekana kuwa kweli tupu.

Wakati panya hawakupona

Kwa hiyo matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 na kundi la daktari Anna Mae Diehl wa Marekani yalikuwa kinyume cha matarajio. Watafiti hao walikata ini la panya kwa njia ileile ya mwaka 1931, lakini kabla ya hapo wakawapa panya hao kingamwili za kuizima TNF. Kama TNF ilikuwa adui pekee, ini lilipaswa kupona haraka zaidi. Badala yake ukuaji ulizorota.

Mwaka 1996 Rebecca Taub wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walieleza hali ya panya waliozaliwa bila jeni la IL-6. Baada ya kukatwa sehemu ya ini, seli zao zilishindwa kugawanyika ipasavyo na ini likaanza kufa. Walipodungwa IL-6 kabla ya upasuaji, ini lilirudi kukua. Mwaka 1997 Nelson Fausto wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle na wenzake waliunganisha vipande hivi viwili. Panya wasio na kipokezi cha kwanza cha TNF nao walichelewa kupona na baadhi yao walikufa. Lakini walipopewa IL-6, kasoro hiyo ilirekebishwa.

Mfuatano wa matukio ukaonekana. Ini linapokatwa, damu kutoka utumbonini hufika kwa wingi katika kipande kidogo kilichosalia, ikiwa na masalia yake ya bakteria. Seli za Kupffer hushtuka na kutoa TNF. TNF huzifanya zitoe IL-6. IL-6 hushika vipokezi vya seli za ini na kuziamsha kutoka katika usingizi wake. Ni hapo tu ndipo HGF na vichochezi vingine vya ukuaji vinapoitikiwa na seli kuanza kugawanyika. Kwa panya wa aina kubwa, kilele cha kazi ya kunakili vinasaba hufika takriban saa 24 baada ya upasuaji.

Hivyo ndivyo swali la Bucher lilivyopata sehemu kubwa ya jibu. Hapakuwa na mjumbe mmoja, bali msafara wa wajumbe, na aliyetangulia mbele alitoka katika jeshi la kinga. Kuhusu swali la pili, la nani anayesema yatosha, mmoja wa wanaotajwa ni saitokini iitwayo TGF-beta, inayozuia seli za ini zisigawanyike. Nayo ina sura mbili: ikizidi na kudumu, ndiyo inayoongoza utengenezaji wa makovu ya ini.

Molekuli moja, hukumu mbili

Inawezekanaje protini ileile iue leo na kuponya kesho? Mwaka 1995 Amer Beg, David Baltimore na wenzao nchini Marekani walieleza habari za panya waliokosa sehemu muhimu ya swichi ya ndani ya seli iitwayo NF-kB. Panya hao walikufa kabla ya kuzaliwa, maini yao yakiwa yameharibika. Mwaka 1996 Beg na Baltimore walionyesha kwamba seli zisizo na swichi hiyo huuawa na TNF, ilhali seli kamili hustahimili. Baadaye ilithibitika kwamba panya waliokosa swichi hiyo pamoja na TNF waliokoka na kifo kile cha tumboni.

Maana yake ni kwamba TNF inapogonga mlango wa seli, hupeleka amri mbili kwa pamoja: jiue, na jikinge. Seli yenye afya hutengeneza haraka protini za kujikinga, na amri ya kifo hufutwa. Seli iliyokwisha dhoofishwa na sumu, pombe au maradhi haiwezi kutengeneza protini hizo kwa wakati, na amri ya kifo ndiyo inayotekelezwa. Hili ndilo lililowapata panya wa Freiburg mwaka 1979, ingawa sababu yake ilichukua miaka karibu 20 kueleweka. Moto mmoja hupika chakula katika nyumba yenye meko na kuteketeza nyumba ya makuti.

Gharama waliyolipa wagonjwa

Elimu hii haikubaki kwa panya. Katika ugonjwa mkali wa ini unaosababishwa na pombe, tafiti za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kiwango cha TNF katika damu hupanda. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: zima TNF, okoa ini. Dawa za kuizima zilikuwa tayari sokoni kwa ajili ya maradhi ya viungo na ya utumbo, na zilikuwa zimewasaidia wengi.

Nchini Ufaransa, jaribio la dawa ya infliximab lililochapishwa mwaka 2004 lilisitishwa baada ya wagonjwa 36 kuandikishwa, kwa sababu maambukizi makali yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa dawa hiyo. Nchini Marekani, jaribio la dawa nyingine, etanercept, lilichapishwa mwaka 2008. Wagonjwa walikuwa 48. Baada ya miezi sita, asilimia 57.7 ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki dunia, dhidi ya asilimia 22.7 ya waliopewa dawa bandia.

Wataalamu wametoa maelezo mawili yanayokamilishana. Kwanza, mgonjwa huyo tayari yumo hatarini kwa bakteria, na TNF ni mlinzi wake. Pili, ini lake limejeruhiwa na lina haja ya kujijenga, na TNF ni mojawapo ya kengele za kuliamsha. Majaribio ya panya ya mwaka 1992 na 1997 yalikuwa yamekwisha chapishwa. Onyo lilikuwapo, ila lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya panya, na hapakuwa na uhakika kwamba binadamu angefuata njia hiyohiyo.

Somo hilo halikuisha hapo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine la Marekani, lililotumia dawa ya anakinra inayozuia saitokini ya IL-1, pamoja na madini ya zinki, kwa wagonjwa wa namna hiyohiyo. Nalo lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Baada ya siku 90, asilimia 70 ya waliopewa anakinra walikuwa hai, dhidi ya asilimia 90 ya waliotibiwa kwa dawa ya zamani ya prednisone.

Kutoka upande mwingine, dawa ya tocilizumab, inayoziba kipokezi cha IL-6, imewapa nafuu wagonjwa wengi wa baridi yabisi na ilitumika pia katika janga la Uviko-19. Mwaka 2019 mamlaka za dawa za nchi kadhaa, Uingereza na Canada zikiwamo, ziliwatahadharisha madaktari kuhusu madhara makali ya ini yaliyotokea kwa nadra kwa watumiaji wake, ambapo baadhi yao walihitaji kupandikizwa ini. Yeyote aliyekumbuka panya wa Taub hakupaswa kushangaa.

Kichocho, virusi na makovu

Kwa watu wa Afrika Mashariki mjadala huu si wa mbali. Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni maradhi ya kila siku kwa wavuvi na watoto wanaooga ziwani. Minyoo yake hutaga mayai, na mengi huchukuliwa na damu hadi katika ini, ambako hunasa. Kinga ya mwili huyazungushia mayai hayo vinundu vya seli. Miaka inavyopita vinundu hugeuka makovu, damu hukosa njia ya kupita katika ini, wengu huvimba, na mwishowe mgonjwa anaweza kutapika damu.

Mwaka 1999 Thomas Wynn na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kwa panya kwamba saitokini ya IL-13 ndiyo inayoongoza kujengeka kwa makovu hayo. Walipoizuia, makovu yalipungua sana hata mayai yakiwapo. Lakini ndugu yake wa karibu, IL-4, ana habari tofauti. Panya wa kichocho waliozaliwa bila IL-4 walidhoofika na kufa mapema, kwa sababu ukuta unaozuia sumu ya mayai haukujengwa vizuri. Ukuta uleule unaomwokoa mgonjwa katika miezi ya kwanza ndio unaomwandama baada ya miaka mingi.

Homa ya ini aina ya B nayo imefunua jambo la kutia moyo. Francis Chisari, Luca Guidotti na wenzao wa California walionyesha, kwa panya mwaka 1996 na kwa sokwe mwaka 1999, kwamba interferoni-gama na TNF zinaweza kukifuta kirusi ndani ya seli za ini bila kuziua seli zenyewe. Kinga si lazima ichome nyumba ili imtoe mwizi. Katika homa ya ini aina ya C, interferoni iliyotengenezwa viwandani ilikuwa tiba kuu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa iliwaletea wagonjwa homa, uchovu na huzuni kwa miezi mingi, na wengi hawakupona. Kuanzia mwaka 2013 vidonge vinavyomlenga kirusi mwenyewe vilichukua nafasi yake na kuponya zaidi ya asilimia 90 ya wanaovitumia. Kwa aina ya B, kinga iliyo bora ni chanjo, ambayo Kenya iliiingiza katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001 na Uganda mwaka 2002.

Lipo pia jeraha lisilotokana na kimelea chochote. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini yaliwaugua watu 317 na 125 kati yao wakafa, wengi kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kwa mtu aliyefikwa na hali hiyo, uhai hutegemea shindano moja: seli zilizosalia zikue kwa kasi kuliko zile zinazokufa.

Kutafuta kipimo

Ndiyo maana watafiti hawakukata tamaa ya kuzitumia ishara hizi kwa faida. Mwaka 2004 kundi la Bin Gao nchini Marekani lilionyesha kwamba saitokini ya IL-22 huzilinda seli za ini za panya na jeraha. Vipokezi vyake havipo juu ya seli nyingi za kinga, kwa hiyo huweza kulihimiza ini bila kuwachochea askari. Majaribio ya awali kwa wagonjwa wa ini la pombe yamefanyika, lakini bado haijawa tiba ya kawaida.

Mjini New Delhi, jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilitumia G-CSF, saitokini inayoamsha seli za uboho, kwa wagonjwa 47 ambao maini yao yalikuwa yakishindwa, na waliopewa dawa hiyo waliishi kwa wingi zaidi. Ilikuwa habari kubwa kwa wagonjwa wanaosafiri kwenda India kutafuta tiba. Lakini jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 176, lililochapishwa mwaka 2021, halikuona manufaa yoyote. Hadi leo madaktari wanaendelea kubishana sababu ya tofauti hiyo.

Upasuaji, kwa upande wake, haukusubiri majibu yote. Tangu mwaka 1989, Russell Strong mjini Brisbane na Christoph Broelsch mjini Chicago walipofanikiwa kumpandikiza mtoto kipande cha ini kutoka kwa mzazi aliye hai, maelfu ya watu wametoa sehemu ya maini yao. Mtoaji hurejeshewa sehemu kubwa ya ukubwa wa ini lake katika muda wa miezi michache, na kipande alichotoa hukua ndani ya mwili wa mpokeaji. Ugumu uko kwa mpokeaji. Sharti kinga yake inyamazishwe kwa dawa ili isilikatae ini geni, lakini isinyamazishwe kiasi cha kumwacha bila ulinzi dhidi ya maambukizi.

Msikilizaji anayekutana sokoni na dawa inayodai kupandisha kinga, au nyingine inayodai kutuliza kila uvimbe na kusafisha ini, anaweza kuipima kwa historia hii. Kuipandisha kinga kumewahi kuua maini ya panya katika saa chache. Kuishusha kumewahi kuongeza vifo vya wagonjwa wodini. Mwili wenye afya hutumia TNF kwa saa chache tu, kwa kiasi kidogo, kisha huizima. Na tangu Higgins na Anderson waliposhika kisu mwaka 1931, hakuna dawa iliyokwisha tengenezwa inayoweza kulipigia ini kengele hiyo kwa wakati wake na kwa kipimo chake.